Bomba Kabla ya Ukuta

Kwa miaka mingi niliingia katika nyumba za watu wakati mafundi wengine wote wameshaondoka. Mwashi amemaliza, seremala amepachika milango, mpaka rangi amepita, na mke wa mwenye nyumba ameshachagua pa kuweka kabati. Hapo ndipo mtu anakumbuka kwamba nyumba haina maji, nami naitwa. Nafika na mfuko wangu wa vyuma, naingia katika vyumba vinavyonuka chokaa mbichi. Hakuna mtu. Nikikohoa, sauti inazunguka chumba kizima na kunirudia. Natoa tindo na nyundo, naanza kuvunja kazi ya mwenzangu.

Ndivyo fundi bomba alivyofanya kazi Moshi mjini, na ndivyo alivyofanya huko juu mlimani, kila palipokuwa na mtu aliyetaka maji yaingie ndani badala ya kuyafuata. Hakuna aliyefurahi kuniona. Mwenye nyumba aliniona kama mtu aliyekuja kumharibia nyumba mpya. Watoto walikatazwa kunikaribia kwa sababu ya vumbi. Chakula nililetewa kibarazani, nikala nikitazama migomba, kisha nikarudi ndani kwenye mwangwi wa nyundo yangu.

Sikuzaliwa mlimani. Baba yangu alitoka mkoa wa mbali kuja kukata miwa katika mashamba yaliyo chini ya mji, kwenye joto, na akabaki. Kambini tulizungumza Kiswahili kwa sababu kila jirani alikuwa na lugha yake. Asubuhi isiyo na mawingu mlima ulionekana wote kutoka pale, na mimi nilikuwa nikijiuliza wale watu wa ukanda wa kijani wanakula nini, wanacheka nini, na wanayashikaje maji mteremkoni yasikimbie. Shule niliiacha mapema. Haikunishinda, mwalimu alikuwa na maswali yake, na mimi nilikuwa na yangu. Nilipopata kimo cha kuajiriwa niliingia kiwandani, nikajifunza mabomba ya mvuke na ya maji, na nilipoona nimeyajua nikaondoka. Tangu hapo sikukaa mahali. Uzito wa ule mfuko niliujua kuliko nilivyojua sura za ndugu zangu.

Mwashi nitakayemsimulia nilikutana naye mara ya kwanza Machame, katika nyumba mpya ya mchungaji mmoja. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na plasta yake ilikuwa laini hata mtu alitamani kuipapasa. Alikuwa amesahau karai lake. Alipolirudia akanikuta nimeshafungua ufa kutoka dirishani hadi karibu na sakafu.

"Unafanya nini?"

"Napitisha bomba."

"Unajua hiyo plasta niliisugua kwa nini?"

"Iwe laini."

"Niliisugua ili wewe uje uipige nyundo. Ningejua, ningeiacha na mashimo nikupunguzie kazi."

Akageuza karai lake, akalikalia, akanitazama nikivunja. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia. "Basi, Mtu wa Miwa," akasema, "wewe ni kama panya. Sisi tunajenga, tunamaliza, wewe unaingia." Kisha akabeba karai lake akaenda. Lile jina lilibaki. Hata watu wasionijua walianza kuniita Mtu wa Miwa, na wengi hawakujua kuna hasira ndani yake.

Miaka kadhaa baadaye, ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nimesimama pale njia panda ya Himo. Sikuwa na safari maalumu. Lori lililokuwa linaelekea Moshi lingenichukua, na lililokuwa linapanda Marangu lingenichukua vilevile. Dereva mmoja alikuwa amesimamisha lori lake na kulipakua lote kando ya barabara, huku akimfokea utingo wake. Mama mmoja alikuwa anashukia pale na gunia lake la vitunguu lilikuwa chini kabisa, mbele kabisa, limekaliwa na mahindi ya Himo nzima.

Nikamsaidia kupakia upya. Akaniuliza ndani ya mfuko wangu kuna nini kizito namna ile.

"Vyuma vya bomba."

Akanitazama vizuri. "Panda mbele," akasema, na utingo akapelekwa nyuma kwenye mahindi, akinung'unika.

Njia nzima alizungumza juu ya upakiaji. Alisema mtu anayepakia bila kuuliza nani anashukia wapi hajui kazi, hata kama ana nguvu za ng'ombe. Wa mwisho kushuka ndiye anayetangulia kupakiwa, na ili umjue wa mwisho lazima uwaulize wote kabla hujainua gunia la kwanza. Tulipopita Moshi mjini ndipo alipofika kwenye jambo lake. Yeye ndiye mtoto wa mwisho wa kiume kwao Machame, kwa hiyo kihamba cha baba, lile shamba la nyumbani, kilikuwa chake, na mama yake alikuwa mikononi mwake. Mama alikuwa ameteleza kwenye njia ya kwenda mfongo, ule mfereji wa maji unaopita juu ya shamba lao, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Sasa alitembea kwa kushikilia ukuta tu, na mahali pasipo na ukuta hakwenda.

"Kinachomuuma si mguu," dereva akasema. "Ni kuogeshwa. Mke wangu humuogesha, na dada zangu wakija humuogesha. Kila akiogeshwa halii mbele yao, ila siku nzima hali chakula. Amesema hivi: 'Mimi nitaogeshwa mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari.'"

Kisha akasema anataka kujenga nyumba ya matofali ya saruji, na ndani yake chumba ambacho mama ataingia mwenyewe, afunge mlango, afungue maji, aoge, atoke. Hilo tu ndilo alilotaka kwa nyumba nzima. Vyumba vingine vilikuwa vya kufuata.

"Ila naogopa kujenga kama lori lililopakiwa hovyo. Nyumba yote imesimama, halafu gunia la mama liko chini. Nataka mafundi wote watakaoigusa waje siku ya kwanza, kabla ya jembe."

Nilimwambia haifanyiki hivyo. Fundi bomba haitwi siku ya kwanza. Akacheka. "Ndiyo maana nimekuita."

Kule Machame nyumba haianzi kwa jembe. Inaanza kwa mbege. Ndizi zinaivishwa, ulezi unatwangwa, na siku ya kuweka vigingi na kamba pombe inakuwa tayari, inanywewa pale pale ambapo nyumba itasimama. Ilikuwa desturi kwamba fundi anayekaa kwenye mbege hiyo ni mwashi. Yeye hupokea kata ya kwanza, kwa sababu nyumba ni yake mpaka atakapoikabidhi. Wengine huja kwa zamu zao baadaye, na hawaletewi mbege; wanaletewa chai.

Nilipofika, mwashi alikuwa ameshaketi. Alikuwa ni yule yule. Kando yake alikaa seremala, mwembamba, mcheshi, kofia yake imejaa vumbi la mbao, na mzee mmoja aliyesimamia zamu za mfereji, ambaye kila mtu alimwita Meku. Mama alikuwa amewekwa kwenye kigoda chenye egemeo, shuka mabegani, uso mwembamba na macho yasiyokosa kitu.

Nikamwamkia kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Mwashi akaweka kata chini. "Mtu wa Miwa! Umekuja kuvunja nini? Hata ukuta haujasimama."

"Labda amekuja kuvunja kamba," seremala akasema.

Watu wakacheka. Nikacheka pia, nikatafuta pa kukaa, na hapakuwa na pa kukaa, kwa sababu hakuna aliyefikiria fundi bomba angekaa. Dereva akaleta ndoo, akaigeuza, nikaikalia. Mama akasali kwa Kichagga, sala ndefu, sikuelewa ila amina. Meku alipopewa kata alimwaga kidogo ardhini. Mama akamtazama, maana walikuwa watu wa kanisa.

"Mkono umetetemeka," Meku akasema.

Mkono ule haukutetemeka tena siku nzima.

Mwashi akapigilia vigingi vyake na kuvuta kamba. Nyumba yote ikaonekana chini, imechorwa kwa katani: sebule mbele, vyumba pembeni, na nyuma kabisa, upande wa chini ya mteremko, mraba mdogo. "Hapo ndipo pa kuogea," akasema. "Maji machafu yanakimbilia migombani. Nimemaliza." Akakaa.

Ndipo dereva akafanya lile alilolifanya. Akatupitia mmoja mmoja akituuliza. Wewe kazi yako inapita wapi? Wewe unahitaji nini kwa huyu mwenzako, kabla hajafunga kazi yake? Alimuuliza seremala, alimuuliza Meku, kisha akanigeukia mimi.

Katika maisha yangu yote ya bomba hakuna aliyewahi kuniuliza bomba lipite wapi. Nilikuwa nimezoea kukuta ukuta na kutafuta njia ya kuushinda. Sasa hapakuwa na ukuta. Palikuwa na nyasi na kamba, na watu wakinisubiri, na nikaona aibu kama mtu aliyekaribishwa kucheza ngoma asiyoijua.

Halafu nikachangamka kupita kiasi. Nikasema mwashi amesema vizuri, mteremko unatusaidia, nikachukua kamba na kuanza kushuka nayo kutoka ule mraba mdogo, moja kwa moja kati ya migomba na mibuni. Nilikuwa nimeona chini kule kichaka cha masale, majani yake marefu ya kijani yamesimama vizuri, udongo wake laini. Nikapigilia kigingi changu pale katikati ya masale. "Shimo la maji machafu litakuwa hapa," nikaita kwa sauti, nikiwa na furaha.

Seremala alikuwa amevua kofia.

"Fundi," mama akaita kutoka kigodani.

"Naam, mama."

"Hapo unapopeleka maji ya kuogea amelala mume wangu."

Nikang'oa kile kigingi haraka, nikabaki nacho mkononi. Kule kwetu kambini wafu walizikwa mbali, nje ya mashamba ya miwa, mahali pasipokuwa na mtu. Nilijua masale huoteshwa mipakani. Sikujua kwamba hapa mtu hulala kwenye shamba lake, nyuma ya nyumba yake, na masale ndiyo yanayomwonyesha. Ningekuja mwisho, kama siku zote, nyumba ikiwa tupu, ningelichimba shimo lile mchana kweupe na asingekuwepo wa kuniambia acha.

Mwashi alinijia. Nilidhani amekuja kunicheka. Akachuma jani moja la sale, akalifunga fundo katikati, akanitia mkononi. "Mpelekee mama," akasema kwa sauti ndogo. "Usiseme kitu. Mpe tu."

Nikapanda na lile jani. Kwa Wachagga mtu akikuletea sale huwezi kuendelea kumkasirikia, nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mikono yangu ilikuwa michafu na jani lilikuwa safi. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akalinyoosha.

"Basi," akasema. "Na hata alipokuwa hai hakupenda maji mengi."

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya kuku wakimbie. Hata Meku alifuta macho.

Kwa kuwa chini hapakufaa, ilibidi kila kitu kigeuke. Meku akasema mfongo unapita upande wa juu, na zamu ya kihamba hiki haiji kila siku; siku ya zamu maji ni mengi, siku nyingine ni tope. Kwa hiyo tanki la mawe lijengwe juu, lijazwe siku ya zamu, na bomba lishuke kutoka hapo. Na maji yaliyotumika yasirudi kwenye mfereji, maana kule chini kuna watu wanakunywa. Nikasema basi yatoke kwa ubavu, upande wa mashariki, yafuate ukingo hadi kwenye magimbi. Mwashi akasema upande wa mashariki ndiko kilipo chumba cha mama. Tukatazamana. Akasimama, akang'oa vigingi vya ule mraba mdogo wa nyuma, akavipigilia upya, ukuta kwa ukuta na mahali kitanda cha mama kitakapokuwa. Alivipigilia kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Tukambeba mama na kigoda chake tukamwingiza ndani ya kamba. Akaomba asimamishwe. Akasimama pale nyasini, mkono mmoja kwa mwanawe, mwingine umenyooshwa hewani kutafuta ukuta ambao haukuwepo.

"Hapa nashika nini?"

"Nitaweka bomba la kushikia, mama. Litaanza kitandani hadi kwenye maji."

"Mlango uko wapi?"

Seremala akasimama penye mlango, akanyoosha mikono akawa mlango. Mama akakokota mguu wake hadi kwake, akasimama. "Na kizingiti?"

Mwashi akasema kizingiti lazima. Mvua za huku hazina adabu, bila kizingiti chumba ni mto. Mama akasema kizingiti ndicho kilichomfungia ndani ya nyumba ya zamani, hawezi kuinua mguu. Wakabishana, na mwashi alikuwa na haki, na mama alikuwa na haki. Seremala, bado akiwa mlango, mikono imenyooka, akasema, "Mkiniambia sasa, narefusha paa upande huu. Kenchi zitoke nje kiasi cha kibaraza. Mvua haitafika. Mkiniambia nikishapaua, hapo mtapata kizingiti na matusi."

Kizingiti kikafa hapo hapo. Mama akaendelea kuoga hewani: akainama kidogo, akanyoosha mkono, akageuza bomba lisilokuwepo. "Liwe hapa," akasema. "Si juu. Hapa." Nikaweka alama kwenye fimbo. Mwashi akapokea kata, akanywa, na badala ya kuirudisha kwa mwenye nyumba akanipa mimi.

Nilifanya kazi pale kwa furaha ambayo sikuijua kabla. Tulijenga tanki, nikalaza bomba ardhini, nikalaza na njia ya maji machafu hadi magimbini, na mwashi akamwaga jamvi la zege la ule upande wa mama juu ya kazi yangu, taratibu, akikwepa kila kiungo. Bomba la kushikia nililikata, nikamwachia alipachike ukuta utakaposimama. Mchana tulikula mtori wa ndizi pamoja chini ya mbuni. Nilimuuliza maneno ya Kichagga na alinifundisha mabaya kwanza. Nyundo yangu haikuvunja kitu. Tindo lilikaa mfukoni mpaka likashika kutu.

Kisha kazi yangu ikaisha.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Fundi anayeanza mwanzo humaliza mwanzo. Bomba lilisimama kutoka kwenye jamvi, uchi, limefika kwenye alama ya mkono wa mama, na kulizunguka hakukuwa na ukuta, ilikuwa migomba tu na ukungu. Nililifungua kulijaribu. Maji yakatoka, baridi ya kuuma meno, nikanawa uso, nikalifunga. Dereva alikuwa safarini. Seremala alikuwa hajaanza. Mwashi alikuwa anapanga matofali ya kwanza.

"Ukuta wangu safari hii hutauona," akasema.

"Nitapita."

"Upite kufanya nini? Hakuna cha kuvunja."

Alisema kwa utani, lakini aliacha mwiko akanisindikiza hadi barabarani, na mtu hafanyi hivyo kwa utani. Nilidhani siku zote kwamba upweke wangu ulitokana na kufika mwisho. Siku ile niliteremka kutoka Machame nikiwa mtu wa kwanza kuondoka, na nyuma yangu watu walikuwa wanaendelea kujenga nyumba niliyoijua chini ya ardhi tu.

Sikupita. Nilikwenda Marangu, nikabebea wageni mizigo mlimani kwa sababu nilitaka kuona kama barafu inaanza taratibu au ghafla. Inaanza ghafla. Nilikwenda Tanga, nikafunga mabomba, yaani nikarudia kuvunja kuta. Nilijaribu huko mambo ya yule dereva. Nilimwambia mwenye nyumba mmoja anayechimba msingi aniite sasa, tukae na mwashi wake. Akaniuliza kama nina njaa.

Ikaja vita, na baada ya vita ikaja ile miaka ambayo hakukuwa na kitu. Sabuni ilitafutwa kama dawa. Saruji ilikuwa hadithi. Ilisemekana imefika mahali fulani, watu wakapanga foleni, ikawa haikufika. Niliona misingi mingi iliyoota majani, na nyumba nyingi zenye kuta tu, madirisha wazi, ndani mbuzi. Kila nilipoiona moja niliwaza lile bomba limesimama peke yake kwenye ukungu, na mama yule yuko katika nyumba ya zamani, nyuma ya kizingiti, anaogeshwa, hali chakula. Ilinijia hata mahali pasipostahili: kwenye foleni, kwenye treni, nikinawa. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwaza namna ile. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na waliomuogesha siwajui, nilikuwa safarini.

Mwishowe nikapanda Machame. Hakukuwa na gari la kupanda, petroli ilikuwa adimu, nikatembea kutoka barabara kuu na mfuko wangu. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Nilipofika kwenye lango la kihamba, lililooteshwa masale pembeni, nikasimama nje kwanza.

Nyumba haikuwepo. Msingi wote ulikuwepo, umechorwa vile vile kama zile kamba, lakini sebule ilikuwa imepandwa magimbi, na vyumba vya watoto vilikuwa na maharage. Nikashika mfuko vizuri. Halafu nikaona upande wa mashariki. Pale kulikuwa na chumba kimoja cha saruji kilichosimama peke yake, na ubavuni mwake kingine kidogo, vyote vimepauliwa, na paa limetoka nje kupita kiasi, limefunika kibaraza kizima.

Mwashi alikuwa jirani wa karibu kuliko nilivyofahamu zamani. Sauti za watoto wakinitangaza zilimfikia. Alikuja taratibu, mabega yameshuka.

"Mtu wa Miwa. Bado unabeba vyuma."

"Bado."

Tukasalimiana kwa muda mrefu. Nilimuuliza saruji iliishia wapi.

"Iliishia hapo unapoona. Dereva lori lake liko juu ya magogo, hakuna tairi. Lakini mifuko iliyobaki ilitosha chumba na kipande. Hatukugombana tujenge kipi." Akatema mate pembeni. "Ingekuwa kawaida yangu, ningeanza na sebule. Ungekuta sebule nzuri sana."

Nilikuwa nasikiliza. Kutoka kwenye kile chumba kidogo ilisikika sauti ya maji yakianguka sakafuni, yakakatika, yakaanguka tena.

"Ni yeye?"

"Nani mwingine? Mlango umefungwa kwa ndani. Hata mkwe wake haruhusiwi kuja karibu. Ukigonga, anakuuliza kama nyumba inaungua."

Mkwe wake, mke wa dereva, alinitolea kiti kibarazani, chini ya lile paa la seremala, akasema mama akitoka atafurahi, akarudi kwenye moshi wa jikoni. Mwashi akaenda kwa mbuzi wake. Nikabaki pale. Ukuta ulikuwa nyuma yangu, laini, mzima, hauna ufa wala kiraka. Niliupapasa. Ndani, mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa Kichagga, pole pole, akikatisha kila alipohitaji pumzi.

Kisha akafunga bomba. Chini ya miguu yangu nikayasikia maji yakipita kwenye njia niliyoilaza, kuelekea kwenye magimbi. Ikatulia. Nikasikia mkono ukishika chuma cha kushikia, ukaachia, ukashika mbele kidogo. Nikavua kofia, nikasubiri mlango ufunguliwe.